Sista Hayumo Pichani

Sista alikuwa mtu wa kushona soksi zikitoboka, akazishona tena zikitoboka pale pale aliposhona, na huku shingoni kaning'iniza kitu ambacho bei yake ingewavika soksi mpya manesi wa wodi nzima. Hivyo ndivyo nilivyomkuta. Kwa miaka yote niliyomjua Birmingham sikuweza kuwapatanisha hao Sista wawili, yule wa soksi na yule wa kamera. Nilijaribu, nikashindwa, nikaamua kumpenda hivyo hivyo.

Hakuwa dada yangu wala hakuwa mtawa. Hospitalini nesi mkuu wa wodi huitwa sista, naye alikipata cheo hicho mapema, mwanamke wa Taita katika wodi ya wanaume wa Kiingereza, waliomwita hivyo kwa shingo upande mwanzoni na kwa kumbembeleza baadaye. Kanisani wakamwita Sista, dukani wakamwita Sista, na mama mwenye nyumba, Mjamaika mwenye ulimi mkali, naye akamwita Sista. Sisi tuliotawanyika mji ule na Kiswahili chetu, Wakenya, Watanzania Bara na Wazanzibari wachache, tulilichukua jina kama tulivyolikuta. Mimi nilitoka Tanga kwenda kusomea unesi, nikapata chumba kinachotazamana na chake huko Winson Green. Siku ya kwanza aliniita Mtanga, na hakuniita kwa jina jingine tena.

Alikwenda kazini kwa miguu ili asilipe basi, mvua inyeshe, theluji ianguke. Kila chumba kilikuwa na mita ya gesi ya kutia sarafu, na za kwetu zilikula kila jioni, lakini ya kwake ilishinda njaa. Ukimtembelea Januari unamkuta amevaa koti ndani ya nyumba na blanketi juu ya koti. Akipika kuku, mifupa inakuwa supu ya kesho, na kesho kutwa inarudi sufuriani ikiwa haina hata harufu ya kuku. Nilimwambia Sista, utakufa na baridi, na mshahara unanizidi mara mbili. Akanijibu kwamba baridi haijawahi kumuua mtu anayetembea. Kisha Jumamosi anavaa vizuri, anajipaka mafuta, anaingia mjini, anarudi na lenzi.

"Kamera ni kama ng'ombe, Mtanga," aliniambia nilipomkaripia. "Kununua ni siku moja. Kulisha ndio kila siku."

Na yeye alilisha. Mimi nilidhani mtu akishanunua kamera amemaliza, kama anayenunua sufuria. Kumbe kuna filamu, kuna dawa za kusafishia filamu, kuna karatasi ambazo ukizifungua penye mwanga zimekwisha kazi. Kuna betri ndogo kama kidonge na bei yake si ya kidonge. Ukiwa na lenzi ya kuonea karibu utataka ya kuonea mbali. Ukipata ya mbali mkono unatikisika, kwa hiyo utataka miguu mitatu ya kuisimamishia, na ukiipata hiyo miguu, mkoba wa zamani hautoshi. Halafu mwaka unapinduka, wanatoa kamera nyingine, na ile uliyokuwa unaipangusa jana kwa upendo inaonekana bibi kizee.

Duka lake lilikuwa karibu na stesheni, la mzee wa Kipolandi mwenye kucha nyeusi kwa dawa za picha. Walielewana kama watu waliokosana siku nyingi wakachoka. Sista alipatana bei pale kama yuko sokoni Voi, anaondoka, anarudi, anaangalia juu, anaguna, na wateja wa Kiingereza wanajifanya hawasikii. Yule mzee alimwekea vitu chini ya kaunta na kumruhusu alipe kidogo kidogo. Mara nyingine Sista alimpelekea kamera ya zamani ili apunguziwe bei ya mpya, na kila mara alitoka na uso umekunjamana. Alisema mlango wa duka lile una uchawi: kamera ikivuka kwenda nje ni mpya, ikivuka kurudi ndani ni kuukuu, hata kama hujapiga nayo picha hata moja.

Sisi wote kule tulikuwa na kipimo kimoja cha ughali, nacho ni nauli ya kwenda nyumbani. Redio nzuri ilikuwa kipande cha nauli. Kitanda kilikuwa kipande kikubwa zaidi. Kila mtu alikuwa na nauli yake, benki ya posta au ndani ya kopo, na nauli ile haiguswi hata kwa ugonjwa. Sista naye alikuwa nayo, ila ya kwake haikukaa. Kila ilipokaribia kutimia, dirisha la yule mzee lilikuwa na kitu kipya. Zaidi ya mara moja alitutangazia kwamba Krismasi hii anakwenda Taita kwa mama yake. Ananunua vitambaa, ananunua chai ya makopo ya kupeleka huko inakolimwa chai, tunamcheka. Krismasi inafika, Sista yuko wodini, na shingoni ana kamera mpya.

"Mwaka huu Mungu hakupenda," anasema.

Nilimwambia Mungu hajawahi kuingia duka lile. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini niseme haki: pesa ya mama yake ya kila mwezi hakuigusa. Alijikata yeye, alikata nauli, alikata nyama na basi na gesi. Pesa ya mama ilikwenda posta siku ile ile ya mshahara, kabla hajapita mtaa wowote wenye dirisha.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Wakristo wakitoka kanisani na sisi wengine tukitoka kitandani, tulikutana kwa mtu mmoja kula, na Sista akaja na mkoba wake. Mgeni yeyote aliyefika mjini alitaka picha ya kupeleka kwao, na desturi ya picha hiyo ilijulikana. Kulikuwa na Mzanzibari mmoja, fundi wa kiwanda cha magari Longbridge, mwenye koti refu lenye ukosi wa manyoya. Unaazima koti la fundi, unasimama karibu na gari la mtu usiyemjua, unaweka mkono juu ya bonneti kama unamtuliza farasi, unapigwa. Nusu ya watu wa zama zangu wametumwa nyumbani ndani ya koti lile. Kuna mama zetu walioamini kwamba Uingereza kila mhamiaji hupewa koti bandarini.

Sista aliichukia picha ya koti, lakini alikupiga nayo kwanza, kwa ajili ya amani. Kisha anasema, haya, sasa vua. Hapo ndipo kazi yake inaanza, na kazi yenyewe ilikuwa kungoja. Anakuacha ufanye ulilokuwa unafanya. Ukitabasamu, anaishusha kamera.

"Usi-smile kama unauza dawa ya meno. Mimi sinunui."

Anakuuliza mambo ya kwenu, tena mambo ya ajabu. Jiko la kwenu mlango wake ulitazama wapi? Nani alikuwa anakohoa kwanza asubuhi? Unafikiri, unasahau, na ukishasahau kabisa unasikia tik. Mimi aliniuliza mama yangu hukaaje anapokuna nazi. Picha niliyopata nimeshika kitunguu, mdomo nusu wazi, natazama kitu ambacho hakipo jikoni mle. Niliituma Tanga pamoja na ile ya koti. Mama aliigawa ya koti kwa majirani, na ya kitunguu akaiweka chini ya mto. Aliniandikia kwamba ya koti ni Mzungu mweusi, lakini hii ya pili ndiye yeye aliyemzaa.

Hakuchukua hata senti. Nilimshauri afungue biashara, apige harusi, apige picha za pasipoti, zile gharama zijilipe. Akaudhika kweli, siku mbili hanisemeshi. Baadaye alinieleza kwamba akichukua pesa yangu, mimi ndiye nitakayechagua picha, na nitachagua ya koti. Kwa hiyo aligharimia filamu, karatasi, mpaka bahasha. Na binadamu ni binadamu. Walimlalamikia kwamba picha zimechelewa, kwamba zimewanenepesha, na zaidi ya yote kwamba amewatoa weusi. Yeye, aliyesimamia kufungwa vidonda siku nzima, alisikiliza kwa upole wa wodini na kuwajibu kwamba amewatoa walivyo. Mimi ndiye nilikuwa nakasirika. Nilitaka awatoze, hata ya kuwakomesha tu.

Chumba chake cha giza kilikuwa bafu letu sote. Jumapili alasiri anaziba dirisha kwa blanketi, anapanga sahani za dawa juu ya ubao uliolazwa kwenye beseni la kuogea, anafunga mlango, na nyumba nzima inabaki koridoni na mataulo mabegani. Mama mwenye nyumba aliugonga ule mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha kwa kiatu. Alimpa Sista notisi ya kuhama. Sista akamwomba kitu kimoja kabla hajahama, ampige picha amevaa kofia yake ya kanisani. Sijui alimuuliza nini yule mama siku ile, wala jiko la kwao Jamaika lilitazama wapi. Ninachojua ni kwamba picha ilipokauka mama alikaa nayo ngazini muda mrefu, na Jumapili iliyofuata yeye mwenyewe alikuwa mlangoni mwa bafu akitufukuza.

Sasa hapa kwenye mapenzi yake ndipo palikuwa na kilema. Sista hakukubali mtu mwingine aishike kamera. Ukinyoosha mkono anakwambia mkono wako una haraka. Mara moja yule fundi wa Longbridge aliichukua mezani kwa utani, akasema leo tunampiga Sista, naye akampokonya kama mtu anayempokonya mtoto kisu. Na akiona wengine wanapiga, wageni barabarani, hakuweza kuvumilia. Aliwaendea watu asiowajua akawaambia kwa Kiingereza cha heshima kwamba wamekata miguu, kwamba jua liko nyuma, wasogee. Nilikuwa najitenga naye hatua chache, nione haya peke yangu.

Kwa hiyo hayumo. Ninazo picha za miaka ile, za bustanini Handsworth, za siku ya kufaulu mitihani yangu, za theluji ya kwanza ya mtu huyu na yule. Sote tumo. Ukizitazama hujui kama palikuwa na mtu mwingine pale, anayetutazama sote, ambaye mkate wake wa wiki ile ndio karatasi unayoishika.

Nyumbani kwao alituma picha pamoja na ile pesa ya kila mwezi. Hakutuma koti wala gari. Alituma vitu alivyoona vizuri: mfereji wa kupitishia mashua ulioganda barafu, kamba za nguo zilizovuka uchochoro kutoka nyumba hadi nyumba, chupa za maziwa mlangoni. Na alituma ukuta. Mtaa wetu ulikuwa umepakana na gereza kubwa, na jua la majira ya baridi, likijaliwa kutoka, lilipiga ukuta ule na lango lake kwa namna iliyomtia wazimu. Alilipiga lango lile msimu mzima. Picha iliyompendeza kuliko zote aliikuza, akaandika nyuma yake kwa mwandiko wake mzuri, "Mtaa wangu," akaituma Taita.

Likaja lile joto la ajabu, kiangazi ambacho hata nyasi za bustani zilikauka zikawa kama za kwetu. Siku hizo alifika mwanafunzi kutoka milima ile ile ya Sista, kijana mpole aliyekuja kusomea ualimu. Kanisani walimwelekeza nyumbani kwetu, naye akaja Jumapili mchana na furushi kutoka kwa mama yake Sista. Nilikuwepo, nilikuwa jikoni nakoroga mchuzi, mlango wazi kwa joto. Kijana alimtazama Sista kuanzia utosini mpaka kidole cha mguu. Alimpa mkono kwa mikono miwili. Akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa maji yote, kisha akauliza taratibu, kama mtu anayegusa kidonda.

"Anti, walikutoa lini?"

"Wapi?"

Kijana akaelekeza kidevu dirishani, upande wa ukuta.

Nililazimika kuweka mwiko chini. Tulicheka, Sista kunizidi mimi, mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini. Kijana peke yake hakucheka. Alieleza kwa adabu kwamba kijijini jambo hilo linajulikana miaka mingi. Mwalimu mkuu aliisoma ile picha kubwa kwa kioo cha kukuzia, akaliona langoni neno la Kiingereza lenye maana ya gereza, na nyuma ya picha wote wakaona maandishi ya Sista mwenyewe kwamba huo ndio mtaa wake. Tena katika picha zote zilizofuata yeye hayumo. Mtu aliye huru ng'ambo hutuma uso wake, amesimama karibu na gari. Huyu anatuma kuta. Wakakubaliana kwamba amefungwa, na kwamba kuna mfungwa au askari mwenye huruma anayempigia. Kanisa lilimwombea kila Jumapili, baada ya mvua na kabla ya wagonjwa. Mama yake aliacha kwenda harusini.

Sista alijifuta machozi ya kicheko. Akaanza kusema ataandika barua leo leo. Kijana akangoja amalize, kisha akasimama wima, kama aliyeagizwa asimame.

"Mama amesema nikikuona nikwambie hivi. Kama umefungwa, wewe ni mwanawe tu. Usimtumie kitu kingine. Mtumie uso."

Halafu ndipo akatueleza habari ya macho. Mama ana presha ya macho. Anajigonga kwenye miimo ya milango, anamwaga chai pembeni mwa kikombe. Sista aliacha kucheka, akamuuliza kama nesi. Ya pembeni haoni kabisa? Tangu lini? Anapata dawa ya matone? Kijana alijibu alivyoweza, na kila jibu nililiona likishuka usoni kwa Sista. Sote wawili tulizijua presha za macho. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinafuata. Mchuzi wangu uliungua siku ile na hakuna aliyeusemea.

Kwanza alitaka kutii kama alivyoagizwa, atume uso. Wiki nzima alijipiga mwenyewe kwa kile kidude cha kamera kinachokupa nafasi ya kukimbia ukakae. Zilizotoka alizichana. Yeye aliyeweza kumtoa kila mtu alivyo, mwenyewe alitoka kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Mwishowe akanipa mimi kamera. Alinielekeza mchana kutwa mahali pa kuweka kidole, akanigombeza, akakaa. Ikapatikana moja ya kuvumilika, akaikuza ukubwa wa trei ya chai. Jumapili akamwonyesha yule mwanafunzi, akamuuliza kama ukubwa ule utamtosha mama.

Kijana aliitazama. Akasema Anti, hata ungeikuza ikawa kama mlango. Siku hizi mama hasomi picha. Amebakiwa na kitundu kidogo tu cha kuonea katikati, na karatasi haimkai hapo. Picha anasomewa na wajukuu, wanamwambia hapa pana ukuta, hapa pana chupa.

Sista aliirudisha picha ndani ya bahasha. "Basi," alisema, "uende wenyewe. Uso."

Kopo la nauli lilikuwa na sauti ya kopo tupu. Nilimpa la kwangu, na nilimpa kwa moyo safi, akanirudishia akisema hiyo ni nauli yangu ya kumwona mama yangu mimi. Akatandika shuka kitandani, akazitoa kabatini zote. Sikuwahi kuziona pamoja. Kamera, lenzi, mikoba, mashine ya kukuzia, ile miguu mitatu imelala ubavu. Alikaa nazo akazipangusa moja moja, na mimi nikaona miaka yake yote ya Birmingham imekaa juu ya shuka lile. Zilikuwa Krismasi alizosema Mungu hakupenda.

Tulizibeba pamoja hadi kwa mzee wa duka. Alizijua zote, alikuwa kama mtu anayeletewa wajukuu. Hakuwa mwizi, alimpa alichoweza, lakini mlango wake haukuwa umeacha uchawi. Vitu vilivyokula nauli tatu nne havikuweza kutapika moja. Alipofika kwenye kamera ya mwisho, ile mpya, mzee aliisukuma irudi kwa Sista, akamwambia hii akae nayo. Sista akahesabu, haikutosha. Akaisukuma tena upande wa pili wa kaunta, na hapo nauli ikatimia. Yule mzee akaenda dirishani akachukua kijikamera cha plastiki cha watoto, akataka kumpa bure, kwa ajili ya safari. Sista alimshukuru, akakiacha pale pale.

Nje nilimlaumu. Nilimwambia hata cha plastiki ni kamera.

"Naenda kuonwa, Mtanga," alisema. "Siendi kuona."

Akaenda. Aliporudi mimi nilikuwa nimeolewa na yule fundi wa koti, tumehamia upande wa Longbridge, na yeye akapata nyumba Castle Vale, upande wa pili kabisa wa mji. Zamu zake na zamu zangu, na mtoto mchanga, tukawa watu wa kupigiana simu. Miaka ya sabini ilikuwa inaisha nilipopata nafasi ya kwenda kumtembelea, na sambusa ndani ya taulo ili zisipoe.

Alikaa ghorofa ya juu. Pale zamani palikuwa kiwanja cha ndege, na upepo ulivuma dirishani kama hauna habari kwamba ndege zimekwisha ondoka. Alikuwa amepata mvi. Tulikula, tukawasengenya watu wawili watatu, tukafurahi. Nilitafuta kwa macho kamera, nikaona kabati limejaa vyombo. Nikamuuliza kama amenunua nyingine. Akasema hajanunua, ila anapita dirishani kwa mzee kumsalimu, na mzee anamtegea. Alisema akinunua tena, kwanza nauli iwe imekaa.

Ukutani palikuwa na picha moja tu. Kabla sijaiuliza alianza kunihadithia.

Walimkalisha mama uani, juu ya kigoda, wakamwambia ndiye huyu amefika. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, akausogeza huku, akausogeza kule, polepole, mpaka ukaingia kwenye kile kitundu alichobakiwa nacho. Akaushikilia hapo. Sista anasema magoti yalimuuma kwa kupiga magoti na hakuthubutu kutikisika. Kisha mama akasema mbona hujakonda, huko walikulisha vizuri. Alimweleza habari ya gereza mara nyingi, na mama alimkubalia kila mara kwa upole wa mtu asiyeamini.

Alipotosheka, mama alimwachia. Akajivuta nyuma kidogo, akanyoosha kilemba, akaweka mikono juu ya magoti, akatulia. Sista akamuuliza anangoja nini.

"Nipige," mama alisema. "Si wewe ndiye mpiga picha?"

Alikuwa amevaa gauni ambalo kitambaa chake Sista alikituma miaka iliyopita. Lilishonwa na halijavaliwa hata kanisani. Mama alikuwa amewaambia watu wa milima yote kwamba hili ni la siku mwanangu atakapokuja na ile mashine yake. Hata waliposema amefungwa, alijibu kwamba sawa, lakini picha anapiga yeye. Na mwanawe alikuwa amekuja na mikono mitupu, kwa sababu ile mashine ndiyo iliyomleta.

Ikabidi wateremke Voi, studio, kwa kijana mwenye haraka na pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa ukutani Castle Vale, mama na Sista wamekaa bega kwa bega. Mama yake hakuishi muda mrefu baada ya hapo, alikufa mvua zilizofuata, na hakuna picha yake nyingine. Niliisogelea. Nilikuwa nimekaa na Sista miaka mingi, macho yangu yalishafundishwa, na makosa yote niliyaona kwa mara moja. Mwanga umetoka upande usiofaa. Picha imelalia kushoto. Sista jicho moja limefumba. Na kile kilemba ambacho mama alikinyoosha vizuri, kijana wa studio amekikata chote, picha inaanzia kwenye paji la uso.

Nilitaka kunyamaza, nikashindwa. Nikasema, "Amemkata mama kichwa."

"Niliona," Sista alisema. "Kabla hajabonyeza niliona. Nilitaka niinuke nikamwonyeshe. Lakini Mama alikuwa amenishika mkono."